Kilo Nane za Meneja

4 Machi

Wala si kweli, dada, kwamba mtu akiolewa mkono wake unasahau kalamu. Ni kwamba nikikaa kuandika namkumbuka yeye, natabasamu peke yangu kama mwehu, na karatasi inabaki nyeupe. Leo asubuhi ameondoka kwenda kiwandani na mkoba wake wa vifaa vya umeme, akafika getini, akarudi. Nikamuuliza amesahau nini. Akasema amesahau kuniangalia. Dada yangu, nimeolewa na mtu wa namna hiyo, na wewe unanilalamikia barua.

Nyumba hii ina tatizo moja tu, nalo lina miguu minne. Yule mbwa uliyemwona siku ya harusi amelala mlangoni, wageni wakimruka, anaitwa Meneja. Alikuwa wa mama mkwe, Mungu amrehemu, na jina alimpa yeye kwa sababu hakuna aliyeingia bila kukaguliwa. Mama alipofariki wakabaki baba mkwe na mbwa. Mume wangu anasema miaka miwili redio haikuwashwa humu, na baba, fundi viatu anayejulikana mtaa mzima kwa mdomo wake, alikuwa akimaliza siku nzima bila kusema neno. Mbwa naye akawa anakula tu. Sasa akipanda ngazi tatu za mlangoni anasimama katikati kupumua, na pumzi yake inasikika hadi jikoni.

Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama. Akampapasa mbavu, akazikosa, akatuambia, "Huyu anabeba mbwa mwenzake mgongoni." Tena akasema moyo umechoka, asipopungua kilo nane hatamaliza mwaka. Kurudi nyumbani nikaona baba anamshika Meneja sikio njia nzima, nikaelewa. Huyo mbwa ndicho kilichobaki cha mkewe. Nikaapa moyoni kwamba mimi, mkwe mpya, nitampa baba zawadi hiyo.

Ile mizani ya kusimamia uliyotuzawadia kwa kunicheka imepata kazi. Meneja hataki kusimama juu yake, na mimi au mume wangu tukimbeba anapiga kelele kama anachinjwa. Anakubali mikono ya baba tu. Basi baba alipanda peke yake, sitini na nne. Akapanda na Meneja, tisini na moja. Toa, inabaki ishirini na saba. Mume wangu ameandika ile sitini na nne kwa wino mwekundu juu ya kalenda ya jikoni, ili tusimsumbue baba kumpima mara mbili mbili. Mtu mzima uzito wake haubadiliki. Kila Jumapili atapanda na mbwa, tutatoa sitini na nne, tutaandika. Lengo letu ni kumi na tisa.

Niombee. Na ujue kwamba nina furaha hadi naogopa.

Mdogo wako, bibi harusi


15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha wauguzi, nikacheka hadi msimamizi akachungulia. Mume aliyesahau kukuangalia, sawa. Tutaona mwaka wa tano kama atakumbuka kuleta sabuni.

Kuhusu huyo Meneja. Miaka kumi na miwili nimekaa wodi ya wanaume, wagonjwa wangu hawana mikia, lakini chakula ni chakula. Kipimwe kwa kikombe kimoja, kitolewe na mkono mmoja, asubuhi na jioni basi. Usimnyime ghafla. Mtembezeni taratibu, asikimbie. Na nikwambie jambo moja: kwenye nyumba yenye mbwa mnene kuna mtu mwenye huruma. Mtafute huyo kwanza. Kikombe chako hakitafua dafu mbele ya mtu anayemwaga mabaki chini ya meza.

Msalimie baba mkwe. Siku ya harusi nilimwona hakula, nikadhani ni furaha.

Dada yako wa wodi namba nne


2 Aprili

Dada mpenzi,

Ishirini na nne. Ndiyo, ishirini na nne, kutoka ishirini na saba, kwa mwezi mmoja. Jumapili mume wangu aliposoma mizani nilimrukia shingoni, akanishika kiuno, tukacheza jikoni bila muziki, halafu baba akaenda mwenyewe kuwasha redio. Unaelewa? Baba, kwa mkono wake. Tukacheza wimbo mzima, yeye amekaa kwenye kiti chake na Meneja miguuni, akipiga kofi. Mume wangu usiku alilia kidogo. Akasema hakudhani atasikia tena redio kwenye nyumba ya mama yake. Tangu hapo tumeweka desturi, kila kilo inayotoka tunacheza.

Ulisema nimtafute mwenye huruma. Nimemtafuta, hayupo. Mume wangu namjua hadi mfukoni, hapiti na kipande cha mkate. Baba mwenyewe ndiye mkali kuliko sote. Nikipima chakula cha Meneja anasimama nyuma yangu, ananiambia nimezidisha, nipunguze.

Na kuna jambo la kuchekesha. Baba naye anajipunguza. Nimemkuta kibandani kwake na msumari na nyundo anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake wa suruali. Nikamtania kwamba anajiandaa kuoa. Akanijibu, "Mwanangu, siwezi kumtesa mwenzangu peke yake. Tumeingia vitani wawili." Ona moyo wa mzee huyo. Lakini hajinyimi, usiogope. Nampikia vizuri, na sahani yake hurudi safi kama imelambwa. Anakula taratibu, tena anapenda kula mwisho. Sisi tukimaliza anatufukuza mezani, anasema maharusi hawatakiwi kukaa na wazee, nendeni nje mkaongee mambo yenu. Nasi tunakwenda, dada, na mambo yetu hayaishi.

Jirani yetu mwenye saluni ndiye hana dogo. Jana amesimama mlangoni na kitana mkononi akaniuliza kama mbwa amepungua au sisi tumepungukiwa macho. Nikamwambia mizani haina wivu.

Mdogo wako mwenye raha


12 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kimya. Tulikuwa wauguzi watatu kwa wodi nzima. Barua yako ya Aprili nimekaa nayo mfukoni, na kila nikiisoma inanikosesha raha, mpaka jana nikajua kwa nini.

Sikiliza, na usinikasirikie. Mbwa na baba mnawapima pamoja. Namba ikishuka, nani ameshuka?

Umeniandikia mwenyewe kwamba baba ametoboa mkanda wake. Sasa nenda kautazame mkanda wa Meneja wa shingoni. Uko tundu lile lile la siku ya harusi au umesogea? Kisha mpandishe baba kwenye mizani peke yake. Usimwambie sababu. Halafu leo usitoke mezani. Kaa umwangalie anavyokula. Angalia anavyomeza. Angalia kama anakunywa maji kwa kila tonge, kama anaufuta mdomo kwa kitambaa kila mara, kama anashika kifua hapa katikati.

Nimeona wanaume wengi wakiletwa wakiwa wamechelewa, na karibu wote nyumbani walisemwa kwamba wamejipunguza.

Nampelekea na yeye barua yake kwa posta hii hii. Usiifungue.

Dada yako


13 Mei

Dada,

Barua yako bado sijaipata lakini lazima nimwage hasira zangu kwa mtu, na mume wangu ameshazisikia zote.

Jumapili tulifika kumi na tisa. Kilo nane kamili. Baba alikuwa amechoka, siku hizi mikono yake inatetemeka, kwa hiyo yeye hupanda kwanza halafu mume wangu anamwekea Meneja kifuani, tunasoma haraka, tunampokea. Themanini na tatu. Toa sitini na nne. Tulipiga kelele hadi jirani wa saluni akaja na taulo la mteja begani. Tulicheza nyimbo tatu. Baba nilimvuta kutoka kitini akaja kucheza nami, hatua mbili tatu, nikahisi mgongo wake mkononi mwangu kama ubao wa kufulia, nikamwambia vita imekwisha, baba, sasa rudi kula. Akacheka, akakohoa, akakaa.

Leo tumekwenda kwa daktari wa wanyama vifua mbele. Ana mizani ya chini, pana kama mkeka, mbwa anapita juu yake mwenyewe. Dada, ile mizani ilisema ishirini na nane. Si kumi na tisa. Ishirini na nane, kilo moja zaidi ya siku tuliyoanza. Daktari akanitazama kama mtoto aliyeiba mtihani. Akaniuliza nani anamlisha huyu. Nikamwambia mizani yake mbovu, nina kalenda nzima nyumbani. Akapanda yeye juu, ikasema uzito wake, akasema anaujua. Mume wangu akapanda, ikasema sawasawa. Nimeona aibu, si kwa ajili yangu. Nimewaza nitamwambiaje baba. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje, hakutaka kuingia.

Tulipotoka alinitazama usoni mara moja tu, akasema, "Usilie. Kosa si lako." Nikadhani ananifariji.

Mizani uliyotupa itakuwa imeharibika. Nitaipeleka kwa fundi.

Mdogo wako


19 Mei

Dada, barua yako imefika jana.

Mkanda wa Meneja uko tundu lile lile.

Nilimwomba baba apande peke yake, nikasema naijaribu mizani. Alivua viatu, akavipanga, akapanda. Hamsini na tano. Mume wangu alikuwa ameshika kalamu nyekundu, hakuandika. Alitazama kalenda, Jumapili zote zile, kisha akatoka nje akasimama uwani amegeukia ukuta.

Usiku nilikataa kutoka mezani. Baba alinifukuza kwa mzaha, nikakaa. Alichukua kijiko kimoja cha mchuzi. Dada, kijiko kimoja kilimchukua muda wa kuosha vyombo vyote. Jasho lilimtoka. Na chini ya meza Meneja alikuwa amekwisha kukaa, mdomo juu, anangoja kama mtu anayeijua zamu yake.

Nilikupigia wodini mara mbili, nikaambiwa uko chumba cha upasuaji. Mume wangu ameomba ruhusa kiwandani. Wanakuja kwako Alhamisi, yeye na baba. Mimi nabaki na mbwa, baba amesema hapandi basi mpaka nikubali kubaki na mbwa.

Mdogo wako


21 Mei

Binti muuguzi,

Nimepata barua yako na nimeijibu kibandani, juu ya meza ya viatu, ili mkwe wangu asinikute.

Umeniuliza tangu lini. Tangu kabla ya harusi. Mkate ulianza kukwama mwezi wa kumi na mbili, nikadhani ni meno. Kisha wali. Wakati huo vitambaa vya harusi vilikuwa vimekatwa na mwanangu alikuwa anapiga mluzi bafuni. Mtu hamkatishi mwanawe mluzi kwa ajili ya koo. Nikasema harusi ipite.

Ikapita, akaingia huyu mdogo wako. Sijui kama unajua mlichotuletea. Anaimba akifagia. Anaongea na sufuria. Anapika kana kwamba kila siku ni sherehe, kisha anainama kutazama sahani yangu kama mwanafunzi anayengoja maksi. Ningemrudishia imejaa? Meneja alikuwa pale chini. Nikampa kidogo, kisha nikampa yote. Wakati nikifanya hivyo nilikuwa namsimamia binti wa watu apunguze kikombe cha mbwa. Ndiyo, nilijua daktari alisema nini kuhusu moyo wake. Nilijua namuua mbwa wa mke wangu ili kuficha sahani. Andika hilo pia.

Umeniuliza kama niliielewa mizani. Mimi nimebeba ngozi na viatu miaka arobaini, najua kitu kizito na chepesi. Jumapili ya pili mikono yangu iliniambia kwamba mbwa hajapungua hata chembe. Nilitaka kusema. Lakini mwanangu alikuwa ameshamshika mkewe kiuno, na miguu yao ilikuwa inatafuta wimbo. Nikaenda kuwasha redio. Kila Jumapili nilisema wiki ijayo nitasema.

Naja kwako kama mlivyoamua. Najua utaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimewaambia wengine maisha yangu yote. Ninakuomba jambo moja. Mdogo wako ajue mengine yote, lakini asijue kwamba mimi nilijua siku wanacheza.

Fundi viatu, baba yenu


9 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia mimi kwa sababu mumeo kila akianza barua anaichana.

Uvimbe wa baba uko kwenye njia ya chakula, chini ya koo, na umeshuka hadi kwenye ini. Daktari wa upasuaji alifungua, akatazama, akafunga. Nilikuwa nimesimama pale pale, kwa hiyo si habari ya kusikia. Wamemwekea mrija tumboni, tunampa uji na maziwa kupitia humo. Maumivu yake nayashughulikia mwenyewe, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama tungemleta Machi. Akasema Machi ingekuwa habari nyingine. Nakuambia kwa sababu utaniuliza, na nisipokuambia utajiuliza mwenyewe maisha yako yote, na jibu lako litakuwa baya kuliko langu. Na mimi nilimwona harusini hakula. Muuguzi wa miaka kumi na miwili. Kwa hiyo kama ni kugawana, tugawane.

Daktari anasema zimebaki wiki mbili, labda tatu.

Amewekwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha linalotazama uwa wa kufulia. Wenzake wanampenda. Mtu wa kitanda cha jirani alikuwa na kandambili zilizokatika, baba amemshonea kwa uzi wa hospitali. Hajamuuliza daktari chochote. Mimi ananiuliza kitu kimoja kila nikiingia zamu, kama mbwa anakula nini siku hizi, na anapewa na nani.

Dada yako


14 Juni

Baba,

Hii nimemtumia dada akusomee, lakini mahali penye mstari pembeni mwambie akupe karatasi usome mwenyewe, naandika kwa herufi kubwa.

Meneja anakula kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, anapewa na mimi. Siku tatu za kwanza alikaa chini ya kiti chako wakati wa chakula, mdomo juu, nikanyanyua sahani yangu nikaenda kumalizia chakula jikoni, sikumpa kitu. Siku ya nne alihamia mlangoni. Kila jioni natembea naye mpaka kona ya saluni na kurudi. Jirani anatungoja na bakuli la maji, amesema maneno yake yote ya nyuma ameyameza. Jana nimempeleka kwa daktari, akapita juu ya ile mizani pana. Ishirini na tano na nusu. Nikamwomba apitishwe tena, ikasema hivyo hivyo. Daktari alinipa mkono. Nilirudi nyumbani, kalenda nimeishusha ukutani, na sikucheza.

Baba, hapa ndipo penye mstari.

Mwanao ameniandikia kwamba unamwambia kila siku hukujua lolote kuhusu zile namba. Dada naye nimemuuliza, akanijibu habari za mrija. Basi niache niseme mimi. Mtu anayembeba mbwa hawezi kukosa kujua uzito wake. Nimekaa na jambo hilo usiku kadhaa. Kwanza nilikukasirikia, nisamehe. Nilijiona nacheza jikoni na kucha zangu za harusi juu ya mwili wako, kilo baada ya kilo, na wewe unatupigia kofi. Nilitamani ungenizaba kibao nikanyamaza. Kisha nikakumbuka ulivyoinuka kwenda kuwasha redio. Nimekuwa mkwe wako miezi mitano. Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivyo na mtu yeyote, na sikukitaka, baba, ningekirudisha leo. Nakwambia ili usichoke kuficha. Umefanya kazi ya kutosha.

Watu wa basi hawakubali mbwa. Nimekwenda stendi mara mbili, mara ya pili na Meneja mwenyewe wamwone alivyo mpole, wakakataa. Dereva wa lori la kiwandani, rafiki wa mume wangu, anashusha mzigo huko tarehe ishirini na saba na amekubali tukae wote watatu mbele. Nimemwomba asogeze safari, anamngoja bosi wake, nitajua Jumatatu. Nilitaka kuja peke yangu kesho. Nikawaza utaniuliza swali lako, nami nitakujibu nimemwacha kwa watu.

Dada anasema milangoni hawatamruhusu, ila uwa wa kufulia una mlango wa nyuma, na dirisha lako ni la chini. Mwanao atakuinua ukae. Mimi nitambeba. Siku hizi ananikubali, hapigi kelele, ananiwekea kidevu begani na kupumua sikioni mwangu, na pumzi yake imetulia, utaisikia mwenyewe.

Kwa hiyo usihangaike kutusubiri umekaa. Subiri umelala, subiri umefumba macho, lakini subiri. Tutakuja, mimi na Meneja, kabla mwezi haujaisha.

Mwanao